SELI SHINA: TUUZE NG'OMBE AU TUSIUZE?

Katika toleo lililopita niliwaletea shairi kuhusu mvua. Safari hii sina shairi. Nina habari ya ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe ni wa nyanya yangu, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na ndiye anayetupa maziwa ya chai hapa kwetu Myanga. Likizo ya Agosti iliyopita nusura auzwe. Si kwa karo, si kwa mahari wala matanga, bali kwa visanduku sita vya unga. Nimeamua kuyaeleza haya kwa sababu najua si sisi peke yetu tuliotembelewa na yule bwana, na kwa sababu neno alilokuwa akilitangaza, yaani seli shina, si neno la uongo. Hapo ndipo ulipo mtego.

Ilikuwa siku ya soko. Karibu na kisiagi alisimama jamaa mmoja aliyefunga tai kwenye jua kali la saa saba, kipaza sauti mkononi, meza yake imejaa visanduku vinavyometameta. Alitaja magoti, mgongo, presha, kisukari, ugumba, na mwisho, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa njiani, "hata ule ugonjwa wa damu wa watoto."

"Mama, hii si dawa," alimwambia nyanya yangu. "Hii ni seli shina yenyewe. Wazungu waliacha tembe siku nyingi. Ukikunywa hii, mwili unajijenga upya kama wa mtoto mchanga. Kwani unataka kutembea na mkongojo mpaka lini?"

Nyanya alinunua pakiti mbili kwa pesa za mayai. Jioni, mama aliposikia maneno "ugonjwa wa damu wa watoto", aliacha kusonga ugali. Mwiko ukabaki umesimama ndani ya sufuria.

Nisikuzungushe, msomaji. Nyumbani kwetu kuna maumivu ya aina mbili. Nyanya anaumwa magoti, na kila mtu anajua kwa nini: miaka hamsini na zaidi ya kubeba maji, kuni na magunia ya mahindi. Kitindamimba wetu, ambaye yuko gredi ya sita, ana seli mundu. Maumivu ya nyanya huja na kukaa kama mgeni asiyeaga. Ya ndugu yangu huja kama mwizi, usiku, bila hodi.

Desemba moja tulikwenda Kitale kwa khocha, yaani mjomba wetu. Wale mnaotoka Kitale mnaijua baridi yake ya alfajiri. Siku ya pili ndugu yangu aliamka akiwa ameuma blanketi ili asipige kelele. Alisema mifupa ya mapaja inapasuliwa kwa shoka. Tulimkimbiza kwenye zahanati fulani, na mhudumu mmoja akamtazama, akaona hana jeraha, hana hata homa, akasema, "Huyu anajifanya. Amezoea sindano." Mama hakujibu. Alimbeba mgongoni, mtoto wa miaka kumi na mmoja wakati huo, tukatafuta mahali pengine.

Nalitaja hilo kwa makusudi. Hata hapa shuleni tuna wenzetu wanaolala kitandani wakati wa kufyeka nyasi, nasi tunawaita wakwepaji kazi. Maumivu ya seli mundu hayaonekani kwa nje. Baridi huyaamsha, na vilevile kiu, uchovu na homa. Mwenzako akikataa kuoga maji baridi saa kumi na moja alfajiri, huenda hana uvivu wowote.

Basi ugonjwa huu ni nini? Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima ni ya duara na ni laini. Hupenya kwenye mishipa myembamba kama nywele na kuishi takriban siku 120. Ndani yake mna himoglobini, ambayo hubeba hewa safi. Mwenye seli mundu ana himoglobini yenye kasoro ndogo. Hewa ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana na kuwa kama vijiti, na chembe hujipinda mfano wa mundu wa kukatia nyasi. Chembe za namna hiyo huishi siku kumi hadi ishirini tu, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu. Tena hukwama mishipani na kuziba njia. Sehemu iliyo mbele ya kizuizi hukosa hewa, nayo hulia. Kilio hicho ndicho ndugu yangu anachokiita shoka. Daktari wa kwanza kuzieleza chembe hizo katika jarida la tiba alikuwa James Herrick wa Chicago, mwaka 1910, lakini ugonjwa ulikuwa Afrika zamani sana kabla ya hapo.

Na kwa nini sisi wa huku magharibi? Jibu lilitafutwa papa hapa Kenya. Mwaka 1949 kijana mmoja aitwaye Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii. Karibu na ziwa Viktoria na kule pwani alikuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wana jeni moja la mundu. Kwenye nyanda za juu, hakuna hata mmoja katika mia. Tofauti ilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja tu hukingwa na malaria kali. Kwa hiyo jeni lililowaokoa mababu zetu na malaria ndilo linalomtesa ndugu yangu, kwa kuwa yeye alipewa mawili, moja la baba na moja la mama. Wazazi wenye jeni moja moja hawaumwi, hawajui lolote, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Sasa nije kwenye seli shina zenyewe. Nilimwendea mwalimu wetu wa bayolojia nikiwa na pakiti ya nyanya mfukoni. Hakucheka. Aliniuliza, "Kwenu mnalima miwa?" Nikasema ndiyo. "Ukikata muwa, nini hubaki?" Kisiki. "Na kisiki hufanya nini?" Huchipuka.

Seli shina ni kile kisiki. Ndani ya mifupa yetu mna uboho, na ndani ya uboho mna seli zisizokuwa bado na kazi maalumu. Kila siku hugawanyika na kuchipuza chembe mpya za damu, nyekundu na nyeupe, mabilioni kwa mabilioni. Kisiki kikiwa na ugonjwa, unaweza kukata miwa mara mia, machipukizi yatakuja na ugonjwa uleule. Kumwongezea damu mwenye seli mundu ni kama kununua muwa mzuri sokoni: utautumia, utakwisha, na shamba litabaki lilivyo. Ukitaka kuponya shamba, ng'oa visiki, upande mbegu nyingine.

Waama, kung'oa na kupanda huko hufanyika. Huitwa upandikizaji wa uboho, na wenzetu wa Tanzania husema uloto. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani, aliyeianza kazi hiyo miaka ya 1950 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kwa upande wa seli mundu, jambo lilianza kama kwa bahati. Msichana wa miaka minane huko Memphis alikuwa na saratani ya damu pamoja na seli mundu. Madaktari walimpa uboho wa ndugu yake ili kutibu saratani. Mwaka 1984 wakatangaza kwamba seli mundu nayo imekwisha. Tena yule ndugu mwenyewe alikuwa na jeni moja la mundu! Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Kwa hiyo yule bwana wa tai hakusema uongo mtupu. Kuna maumivu ya kudumu ambayo seli shina huyaponya kabisa, na ndugu yangu anayo maumivu hayo hasa. Niliposoma hivyo moyo ulinienda mbio. Nilitaka kurudi nyumbani nikamwambie mama auze ng'ombe na ndama pia.

Kisha nikasoma namna inavyofanywa.

Kwanza atafutwe mtoaji ambaye alama za seli zake zinafanana na za mgonjwa. Alama hizo mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, hivyo ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye. Kisha mgonjwa hulazwa na kupewa dawa kali, zile wanazopewa wagonjwa wa saratani, ili visiki vya zamani ving'olewe. Hapo hubaki bila kinga. Mafua tu yanaweza kumuua. Ndipo seli za mtoaji, zilizovutwa kwenye mfupa wa nyonga yake au kuchujwa kutoka kwenye damu yake, huingizwa mshipani kama maji ya dripu. Zenyewe hujua njia ya kwenda mifupani. Wiki kadhaa hupita watu wakingoja kuona kama zimeshika. Wakati mwingine seli ngeni humgeukia mwenyeji na kuushambulia mwili wake, ngozi, matumbo, ini. Na zile dawa kali zaweza kumwacha mtu bila uwezo wa kuzaa.

Matokeo ni mazuri, nisifiche. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,000 wa seli mundu waliopata uboho wa ndugu anayelingana nao, wengi wao watoto. Baada ya miaka mitano, karibu 93 katika kila 100 walikuwa hai, na karibu wote hao ugonjwa haukurudi. Baba, ambaye hesabu yake ni ya kuuza mahindi, aliigeuza papo hapo: "Kwa hiyo saba wamekufa." Nikasema ndiyo. Akanyamaza kitambo. "Katika mia, saba ni wachache. Katika nyumba yangu, mmoja ni wengi."

Naye nyanya aliposikia habari ya kutozaa, aliuliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha bayolojia nilichosoma: "Na jina la babu yenu litabebwa na nani?"

Zile pakiti je? Nilizisoma maandishi yake madogo kwa subira. Ziliandikwa unga wa tufaha na zabibu, sukari, na rangi. Seli shina ni kitu kilicho hai. Hutunzwa kwenye baridi kali kwa vyombo maalumu na kuhesabiwa kabla ya kuingia mshipani. Unga mkavu uliokaa juani Myanga kutwa nzima hauna seli hata moja iliyo hai. Na hata ingekuwamo, tumbo lingeisaga kama linavyosaga omena. Isitoshe, seli ya tufaha ikiota itazaa mtufaha, haitazaa goti. Kisanduku kimoja kiliuzwa shilingi 9,000. Yule bwana alisema dozi kamili ni visanduku sita, nanyi pigeni hesabu. Hiyo ndiyo bei ya ng'ombe.

Magoti ya nyanya ni mjadala mwingine, maana huko hata matajiri wanadanganyika. Katika nchi nyingi zipo kliniki zinazodunga seli hai kabisa gotini, kwa fedha nyingi, na kuahidi kwamba gegedu iliyolika itaota tena. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 470 wa magoti. Wengine walidungwa seli za aina tatu tofauti, wengine sindano ya kawaida ya kutuliza uvimbe, ile ya bei nafuu. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na aina ya seli iliyoishinda ile sindano ya kawaida. Nilimweleza nyanya. Akasema, "Kumbe hata wao?" Siku hizi anafanya mazoezi aliyoonyeshwa na mtaalamu wa viungo huko Bungoma: anaketi kitini, ananyoosha mguu, anahesabu hadi kumi, anaushusha. Anahesabu kwa Kibukusu, kwa sauti, na kuku wamezoea. Maji tunamchotea sisi. Hajapona, lakini kanisani anafika kabla ya misa kuanza.

Ya ndugu yangu hayakwisha kwa urahisi hivyo. Maana kama tiba ya kweli ipo, mzazi anawezaje kulala? Baba aliuliza iko wapi. Nilimwambia kwamba mwaka 2023 hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye seli mundu, na kwamba Wakenya wengi wamekuwa wakienda India. Akauliza habari ya Marekani. Huko nako kuna jipya. Mwezi wa Desemba 2023 waliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, ambayo haihitaji mtoaji. Huchukua seli shina za mgonjwa mwenyewe, huzirekebisha jeni katika maabara, na kumrudishia baada ya zile dawa kali. Mama mmoja wa Mississippi, Victoria Gray, alikuwa mgonjwa wa seli mundu wa kwanza Marekani kujaribiwa tiba hiyo, mwaka 2019. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali. Bei yake ilitangazwa dola milioni 2.2, yaani zaidi ya shilingi milioni 280. Baba aliangalia ng'ombe, akatuangalia sisi, akacheka kwa mara ya kwanza juma lile.

Lakini ngojeni. Namna tiba hiyo inavyofanya kazi ndiyo iliyonifungua macho. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya utotoni, ambayo haijipindi. Baada ya kuzaliwa mwili huizima. Casgevy huiwasha tena. Na ipo dawa ya zamani, kidonge tu, haidroksiyurea, ambayo nayo huiwasha himoglobini hiyohiyo! Haiiwashi kwa nguvu ile, wala haiponyi, na ukiacha kumeza inazimika. Lakini kamba inayovutwa ni moja.

Kidonge hicho kilijaribiwa kwa watoto 606 wa Afrika katika vituo vinne: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Mbale hii hii ya ng'ambo ya mpaka, ambayo wengi wetu tuna jamaa huko! Matokeo yalitoka mwaka 2019. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa nusu, vifo vikapungua pia. Ndugu yangu alikuwa amekwisha kuandikiwa dawa hiyo kliniki mwaka mmoja kabla ya yule bwana wa tai kuja. Tulikuwa tukimpa siku tulizokuwa nazo, siku nyingine tukisahau, na ikiisha tulingoja mahindi yauzwe. Sote tulikuwa tukiota muujiza wa mbali huku chupa ya dawa ikiwa tupu juu ya kabati. Naandika hivi nikiona aibu.

Tulifanya kikao cha nyumba nzima, hata nyanya. Ng'ombe hakuuzwa, maziwa yake ya asubuhi ndiyo sasa yanayonunua haidroksiyurea, pamoja na asidi ya foliki na dawa ya kuzuia malaria. Kila baada ya muda damu yake hupimwa, kwa sababu kidonge hicho kikizidi huweza kupunguza chembe nyeupe. Chupa ya maji haimwachi. Sweta vilevile, hata watoto wenzake wakimcheka. Kwa desturi yetu Wabukusu tohara ni Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na mtahiriwa hupakwa matope baridi ya mtoni alfajiri. Baba ameamua yeye atatahiriwa hospitalini, na mzozo wa jambo hilo na wazee ungetosha makala nyingine. Tangu Agosti amelazwa mara moja. Mwaka uliotangulia alilazwa mara tano.

Upandikizaji hatujaufuta. Daktari wa kliniki alisema hivi: mtoto anayeendelea vizuri kwa kidonge, mzazi anapaswa kufikiri mara mbili kabla ya kumpeleka kwenye hatari ile, lakini kama kuna ndugu anayelingana naye, ni vyema mjue mapema, kwa sababu upandikizaji huwaendea vizuri zaidi walio wadogo kuliko watu wazima, na baadhi ya watu wazima hubaki na maumivu hata damu ikiwa imepona.

Basi mimi na dada zangu wawili tulitoa damu ya kipimo cha kwanza. Dada zangu hawana jeni la mundu. Mimi ninalo moja. Mama alipoona jibu langu alianza kulia, akidhani nimekwisha kuondolewa katika orodha. Ndipo nikamweleza habari za yule msichana wa Memphis na ndugu yake, na daktari akaitikia kwa kichwa: jeni moja halimzuii mtu kutoa. Kilichobaki ni kipimo cha zile alama. Hicho ni ghali, na baba amesema mahindi ya msimu huu yakikauka ndiyo yatakayokilipa.

Jioni ile tukitoka kliniki, mimi na ndugu yangu tulipanda boda boda moja, yeye katikati, sweta imefungwa mpaka kidevuni. Tulipofika karibu na soko aligeuza kichwa.

"Wewe," akaniuliza, "wakinitia uboho wako, nitaanza kufeli hesabu kama wewe?"

Nikamwambia ndiyo, kabisa, na Kiingereza pia.

Akafikiri kidogo. "Basi waanze na wa dada."